Wekundu wa nywele si ushahidi wa hatia

Mwanafunzi anaporejea shuleni baada ya likizo akiwa na nywele zenye wekundu wa kutu, hukumu hupita mapema: ametia rangi. Kanuni za shule nyingi nchini zinakataza jambo hilo, nami sizipingi. Ninachopinga ni adhabu inayolitangulia swali, hususan katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako nywele za mtoto zaweza kubadilika bila ya yeye kukanyaga saluni.

Tuanze na kidimbwi cha kuogelea. Maji yake hutiwa klorini ili kuua viini vya maradhi, kwa kawaida miligramu 1 hadi 3 katika kila lita. Klorini huondoa mafuta ya asili yanayoukinga unywele, kisha huishambulia melanini, ambayo ndiyo asili ya weusi wa nywele zetu. Aogeleaye mara moja haoni tofauti. Aogeleaye kila siku likizo nzima huenda akauona weusi ukififia na kuwa hudhurungi. Nywele zilizokwisha kutiwa rangi hupauka upesi zaidi, kwani dawa ya rangi huwa imekwisha kuudhoofisha unywele. Ama ule ukijani unaowapata waogeleaji wenye nywele za dhahabu, hauletwi na klorini yenyewe, bali na shaba itokayo katika mabomba au katika dawa za kuulia mwani.

Ziwani hakuna klorini, lakini kuna jua. Watoto wa Mbita, Rusinga, Karungu na Muhuru hushinda majini na ufuoni, na miale ya jua la ikweta huiunguza melanini ile ile, polepole.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni njaa. Mwaka 1933, Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akihudumu Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alieleza kitaalamu ugonjwa unaoitwa kwashiakoo. Huwapata hasa watoto wadogo walioachishwa ziwa na kulishwa wanga mtupu. Miguu huvimba, ngozi huambuka, nazo nywele huwa nyepesi, nyekundu na rahisi kung'oka. Mwalimu wa chekechea anayeziona dalili hizo amwone mtoto wa kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, wala asimwone mtoto wa kukemewa.

Kuna watakaouliza: je, mwanafunzi mjanja hatasingizia jua? Jibu limo katika unywele wenyewe. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, na hauwezi kujirudishia rangi. Jua na klorini hupausha zaidi ncha zilizokaa nje muda mrefu, na wekundu hupungua kidogo kidogo kuelekea shinani. Rangi ya dukani, nywele zikishaota, huacha mpaka ulio wazi. Utapiamlo nao huanzia shinani, kwa kuwa unywele huota tayari ukiwa na upungufu. Hizi ni dalili za kumwongoza mwalimu tu, na kamwe hazichukui nafasi ya daktari.

Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kiakili. Kumsimamisha mtoto gwarideni na kumnyoa huku wenzake wakicheka ni mateso ya aina hiyo, hata kama kosa lipo. Mtoto aliyeaibishwa kwa kosa asilolitenda hujifunza kwamba ukweli haumfai kitu mbele ya mkubwa.

Walimu wa kemia wanayo fursa hapa. Watie nywele chache za kinyozi katika maji matupu, na nyingine katika maji yenye dawa kidogo ya kufulia iliyo na klorini, madirisha yakiwa wazi, kisha darasa lilinganishe. Nanyi wanafunzi mnaoogelea vidimbwini, lowesheni nywele kwa maji safi kabla ya kuingia, ili zisifyonze klorini nyingi, na mzisuuze mara mtokapo.

Kanuni na ibaki. Lakini kabla ya mkasi kuletwa, mtoto aulizwe amekuwa wapi na amekula nini.