Mduara Si Ushahidi wa Undugu

Wapo wahakiki ambao, waonapo mduara mwambani, hutangaza jua. Waonapo miduara miwili katika mabara mawili, hutangaza undugu wa tamaduni. Mkabala huu haukubaliki. Msokoto wa Fajada Butte, Marekani, unahusishwa na jua si kwa umbo lake, bali kwa kuwa mnamo Juni 1977 mwale wa adhuhuri ulionekana ukiukata. Miduara ya Kwitone, kisiwani Mfangano, haina ushahidi wa namna hiyo. Wasuba huihusisha na ibada za mvua. Kuifanya tawi la dini moja ya jua si kuunganisha tamaduni, bali ni kuwanyang'anya Wasuba mvua yao. Ishara husomwa katika muktadha wake. Nje yake, msomaji hujisoma mwenyewe.