Shahidi wa Bariadi Kasema Nini?

Ndugu waandishi wenzangu, mahakama za hadithi zetu zimetoka kwenye video. Wakili anaruka, "Napinga, Mheshimiwa!", raia kumi na wawili wanatoka kwenda kuamua kesi, na shahidi, hata awe mchunga ng'ombe, anatiririka Kiswahili kama mtangazaji wa redio. Tanzania haina hao kumi na wawili. Na shahidi wa namna hiyo hapa Bariadi mtamtafuta sana.

Shahidi wetu mara nyingi ni mzee wa Kisukuma. Anaulizwa, ilikuwa saa ngapi? Anajibu, wakati wa kufungulia ng'ombe. Jibu kamili hilo, kijiji kizima kinalielewa. Wakili anageukia watu: mnaona, hata saa hajui! Mzee anataja "mwanangu", kumbe ni mtoto wa kaka yake, basi anaitwa muongo. Jamani, kwetu mtoto wa ndugu yako si mwanao?

Zamani ilikuwa balaa zaidi. Mahakama ya Mwanzo ilitumia Kiswahili, lakini kuanzia ya Wilaya kwenda juu kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee kasema Kisukuma, mkalimani kageuza Kiswahili, hakimu kaandika Kiingereza, na hayo ya mwisho ndiyo yakaitwa maneno ya mzee! Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyeandika uamuzi kwa Kiswahili kule Musoma, akapandishwa Mahakama ya Rufani. Nilishangilia, sikatai.

Lakini Kiswahili nacho kinameza. Kwa Kisukuma nfumu ni mganga, nogi ndiye mchawi. Mkalimani mvivu akisema "mchawi" kote kuwili, bibi wa mitishamba kesha vishwa uchawi ndani ya jalada la serikali. Na huku ni Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kisa macho mekundu, ya moshi wa jikoni tu! Neno moja hapo ni roho ya mtu.

Mtasema mkalimani kaapa. Haya, kaapa. Hakimu aliyetoka Mtwara atamsahihisha kwa Kisukuma kipi? Na kesi ikienda rufaa, majaji watasoma Kiswahili cha mkalimani. Sauti ya mzee haimo. Simu ya mkononi inarekodi harusi nzima mpaka wapishi. Mahakama inashindwaje kurekodi maneno ya mzee yule kama alivyoyatamka, yakakaa ndani ya jalada? Nanyi wenzangu, huyo ndiye wa kuandikiwa riwaya: aliyesema nfumu, akasomewa mchawi.