Mijadala ya Mtandaoni Nayo Yataka Masjala

Kila mtumishi wa umma anaijua kazi ya masjala. Barua ikifika hupokewa, huandikwa katika rejesta, kisha hupewa namba yake ndani ya jalada. Anayeijibu huanza kwa kutaja Kumb. Na. ya barua anayoijibu, pamoja na tarehe yake. Kwa utaratibu huo, ofisa aliyehamia jana kutoka wilaya nyingine aweza kufungua jalada la miaka kumi na kuifuata hoja tangu ilipozaliwa hadi ilipoamuliwa.

Sasa tumtazame mtumishi huyo huyo akiwa nyumbani jioni, simu mkononi. Katika kikundi cha walimu, au cha idara yake, amekuta ujumbe mia tatu. Penye wengi pana mengi: mna salamu za asubuhi, rambirambi, picha za arusi, ubishi wa mpira, na mahali fulani katikati mna tangazo kwamba tarehe ya mwisho ya kupeleka majina ya watahiniwa imebadilishwa. Chini kabisa mtu ameandika, "Nakubali kabisa." Amekubali nini? Hakuna ajuaye. Tangazo hilo likimpita msomaji, ataitwa mzembe asiyesoma, na watakaoumia ni wanafunzi ambao majina yao hayakufika.

Lawama hiyo mara nyingi haimstahili. Kosa limo katika mpangilio wa kioo anachokisoma, yaani namna programu inavyomwonyesha maneno ya watu na kumpa njia ya kuyaendea. Wataalamu wa kompyuta huuita mpangilio huo kiolesura. Na kiolesura kinachomwaga maneno yote katika mfereji mmoja, kwa kufuata saa yalipofika tu, ni ofisi isiyo na masjala.

Tatizo hili si geni, na dawa yake si ngeni pia. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao wa majadiliano baina ya kompyuta, ulioitwa Usenet, ambao ulianza kazi mwaka 1980. Waasisi hao walitazamia makala machache tu kwa siku. Lakini vyuo na makampuni yalipojiunga kwa wingi, makala yakawa mafuriko. Wasomaji wenyewe, ambao wengi wao walikuwa mafundi wa programu, hawakukubali kuzama. Walikaa chini wakatengeneza vyombo vipya vya kusomea.

Mwaka 1984 Larry Wall alitoa programu iliyoitwa rn. Programu hiyo ilimwezesha msomaji kuagiza kwamba mada fulani asiletewe tena, bila ya kujitoa katika kikundi. Kim Storm wa Denmark naye alitengeneza nn, ambayo ilimpa mtu orodha ya vichwa vya habari na majina ya waandishi, ili achague kabla ya kusoma. Kisha, mwaka 1987, kanuni ya RFC 1036 iliagiza kwamba kila jibu lichukue namba ya utambulisho ya makala yanayojibiwa. Baadaye Wayne Davison alizitumia namba hizo katika programu ya trn, iliyochora mjadala mzima kama mti: swali likiwa shina, majibu yakiwa matawi.

Ndugu msomaji, namba hiyo ni nini kama si Kumb. Na. ile ile tunayoiandika kila siku? Mafundi hao walifika, kwa njia yao, pale pale ambapo karani wa masjala alikwisha kufika zamani.

Wako watakaosema kwamba mfereji mmoja ni rahisi, na kwamba watu wameuzoea. Ni kweli kwamba marafiki watano wanaopiga soga hawahitaji zaidi ya hapo. Ni kweli pia kwamba mti wenye matawi mengi hauenei katika kioo kidogo cha simu. Lakini kikundi cha watu mia mbili wanaofanya kazi pamoja hakipigi soga. Kitufe cha kunukuu ujumbe unaojibiwa kimesaidia kiasi, lakini humwonyesha mtu hatua moja tu ya nyuma. Hakimkusanyii hoja nzima mahali pamoja.

Wengine hupendekeza kwamba programu ichague yenyewe yaliyo muhimu. Mwaka 1994 watafiti wa GroupLens walifanya jaribio la namna hiyo katika Usenet. Wasomaji walitoa alama kwa makala waliyoyasoma, na kompyuta ikakadiria yapi yangemfaa kila mmoja. Fikra hiyo ina manufaa, lakini ina hatari yake. Alama za wengi hupima kupendwa, wala hazipimi ukweli. Swali la mwalimu asiyejulikana, kutoka shule ya pembezoni, laweza kuzikwa chini ya mzaha wa mtu maarufu. Kwa hiyo kompyuta ishauri, lakini isifiche. Uamuzi ubaki kwa msomaji.

Basi idara au shule inapochagua chombo cha majadiliano, hapana budi iulize maswali manne. Je, jibu linabaki limefungamana na swali lake? Je, chombo kinakumbuka msomaji alipoishia? Je, msomaji aweza kunyamazisha mada moja pasipo kukihama kikundi? Je, aweza kuona vichwa vya mada kwanza, kabla ya picha na video kumaliza bando lake? Vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni nao wayachukue maswali haya kuwa kazi ya kufanya.

Nasi tunaoandika tusijitoe katika wajibu. Hakuna masjala iwezayo kuifikisha mahali pake barua isiyo na kichwa. Anayetoa tangazo aandike linahusu nini, na anayejibu aonyeshe anajibu lipi. Saa nzima ya jioni ambayo mwalimu huitumia kutafuta sentensi moja katika ujumbe mia tatu ni saa iliyotolewa katika madaftari ya wanafunzi wake.