Mkataa Wengi Si Mchawi

Kwa miaka 37, tangu 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2009, niliwafundisha vijana waliosomea ualimu kwamba methali ni hekima ya wazee na haipingwi. Leo mimi mwenyewe ni mzee, nimeshavuka miaka sabini, na nataka kuipinga moja. Ni ile isemayo kwamba mkataa wengi ni mchawi. Nasema haina ukweli wa kutosha, tena imetudhuru, na nitaeleza kwa nini.

Mwezi Julai 2019 nilikuwa Uingereza kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi mjini Manchester. Jumamosi moja, yeye akiwa zamu hospitalini, nilipanda treni nikaenda Blackpool, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa nchi ile. Huko ipo bustani kubwa ya bembea na mashine za kuchezea, iliyoanzishwa mwaka 1896. Siku hiyo palikuwa na mkutano wa watu wanaoyapenda mambo hayo. Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima waliotoka miji mbalimbali kuja kupanda, kutazama na kuzungumzia reli za milima. Nasema reli za milima kwa kukosa jina bora: ni vigari vilivyofungwa pamoja kama treni, vikavutwa kwa mnyororo hadi kilele cha mlima wa mbao au wa chuma, kisha vikaachiwa viteremke kwa kasi, vipande tena, viteremke tena, mpaka virudi vilikoanzia. Nilikwenda peke yangu. Nilikuwa na umri wa miaka 70.

Niliporudi nyumbani nilifanya kosa la kusimulia habari hii katika kikao chetu cha walimu wastaafu. Kwanza walicheka. Kisha mmoja wao, mtu ninayemheshimu, akasema, "Mwalimu, umeacha wajukuu hapa ukaenda kubembea na watoto wa Wazungu? Tena peke yako?" Mwingine akadakia, "Mwalimu amechanganyikiwa tangu mama watoto alipofariki. Tumwombee." Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Sikujibu siku ile. Najibu leo.

Kwanza, ndugu msomaji, jua kilichonipeleka. Katika kitabu cha sayansi nilichofundishia kulikuwa na mchoro wa kigari juu ya kilima. Chini yake mliandikwa kwamba kigari kikiwa kileleni kina nishati tuli, na kikiteremka nishati hiyo hugeuka kuwa nishati mwendo. Mchoro huo niliunakili ubaoni kila mwaka. Niliwaonyesha wanachuo hesabu yake: kigari kikishuka kutoka kimo cha mita 20, tukiacha msuguano, kitafika chini kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, na uzito wa abiria haumo katika hesabu, maana hujifuta wenyewe. Mwaka mmoja mwanachuo mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umewahi kukipanda?" Darasa likacheka. Nilimwambia akae chini. Swali lile nilikaa nalo miaka mingi. Nilikuwa nafundisha kitu ambacho sijapata kukiona kwa macho, na sikuona haya. Aibu ilikuwa hapo, haikuwa Blackpool.

Pili, mtu asidhani kwamba nilipokewa kwa shangwe. Nusu saa ya kwanza nilitamani kurudi Manchester. Walikuwa watu wapatao mia, wamevaa fulana zenye picha za reli hizo, wakicheka wao kwa wao. Kwao si desturi kumsalimu mtu usiyemjua, nami nimelelewa Mahenge, ambako hupiti nyumba ya mtu bila kubisha hodi na kuuliza habari za asubuhi. Nilisimama na kikombe changu cha chai kama mgeni aliyekosea arusi. Mwisho nikamwendea kijana mmoja fundi makenika nikamuuliza: kwa nini vigari haviruki nje ya reli vinapopita juu ya kilima? Basi! Wakanizunguka watu sita. Nilielezwa habari za Mmarekani John Miller, ambaye mwaka 1919 alipata hataza ya gurudumu linalokaa chini ya reli, hata kigari kikitaka kuruka kinazuiliwa. Nilionyeshwa reli ya mbao ya mwaka 1923 ambayo yeye ndiye aliyeichora. Nilipelekwa kwenye reli nyingine ya mwaka 1935, ambapo treni mbili hushindana sambamba. Ajabu yake ni kwamba njia zile mbili ni njia moja iliyojizungusha, hivyo treni iliyoondokea upande wa kulia hurudi upande wa kushoto. Niliipanda mara mbili ili nihakikishe. Ni kweli.

Ile kubwa ya chuma iliyofunguliwa mwaka 1994 sikuipanda. Woga ni haki ya mzee.

Nilijifunza kwamba michezo hii ilianzia Urusi, ambako watu waliteremka milima ya barafu iliyotengenezwa kwa mbao na maji. Kwamba mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake huko Coney Island, New York, akitoza senti tano. Kwamba wapenzi wa reli hizi wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1978, na mojawapo ya kazi zake ni kutetea reli kongwe zisibomolewe. Palikuwa na bibi mmoja mstaafu wa posta aliyezungumza kwa uchungu juu ya reli ndogo ya mbao ya mwaka 1958 iliyobomolewa pale pale Blackpool mwaka 2018, bila wapenzi wake kupewa nafasi ya kuipanda mara ya mwisho. Alizungumza kama tunavyozungumza sisi juu ya mwembe wa shule uliokatwa. Watu hawa hawakuwa maprofesa. Walikuwa makarani, mafundi na madereva, na hakuna aliyewalazimisha kujua. Hapakuwa na mtihani.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu, moja baada ya nyingine.

Wanasema mchezo ni wa watoto. Waama, wanaosema hivyo wamesahau wametokea wapi. Nani hucheza bao chini ya mti toka adhuhuri hadi magharibi, akisahau hata chakula? Ni mtoto? Huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, nani hupigana kwa mabua ya migomba mbele ya umati? Ni wanaume wazima. Huko Pemba, nani humchezea ng'ombe dume uwanjani? Wazee wetu hawakuacha kucheza walipoota mvi. Sisi walimu ndio tuliotia mpaka kati ya mchezo na heshima, tukauita mpaka huo utamaduni.

Wanasema hayo ni mambo ya Wazungu, tuwaachie wenyewe. Hoja hii ingenigusa kama isingetoka vinywani mwa watu wanaokesha wakitazama Ligi Kuu ya Uingereza, na ambao wiki nzima hawasemezani kwa sababu timu ya Manchester imefungwa. Hilo haliitwi kuchanganyikiwa, kwa sababu wanalifanya wakiwa wengi. Kumbe tatizo si Uzungu. Tatizo ni kwamba mimi nilikwenda peke yangu.

Na kwa kuwa wametaja Wazungu, niseme jambo ambalo hawakulitegemea. Katika bustani ile kuna mashine ya mwaka 1904, yenye vyombo vinavyoning'inia kwenye nyaya na kuzunguka hewani. Aliyeibuni ni Sir Hiram Maxim. Nilipolisoma jina hilo nilisimama. Ndiye yule yule aliyebuni mwaka 1884 bunduki ya rashasha, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Mwezi Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, wapiganaji walipoishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge walipokewa kwa bunduki za namna hiyo, na maji hayakuzizuia risasi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto wakati huo. Alisimulia kwamba baada ya siku ile kulikuwa na nyumba zisizo na mwanamume hata mmoja. Basi mjukuu wake nikakaa katika chombo cha Maxim, nikazungushwa juu ya bustani, nikiwatazama watoto wakilamba aisikirimu. Sikulia, wala sikucheka. Niliwaza kwamba akili moja ilitoa vyote viwili, na kwamba sisi tulipelekewa kimoja tu. Wazo hilo nisingelipata kama ningekuwa katika kundi la watu kumi tunaohimizana tuwahi basi. Nililipata kwa sababu nilikuwa peke yangu na nilikuwa na nafasi ya kusimama.

Hoja yao kubwa ni hiyo ya upweke. Mtu ni watu, wanasema. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nakubali. Nyumba haiezekwi na mtu mmoja, maiti haibebwi na mtu mmoja, na anayekimbia msiba kwenda kustarehe sina neno la kumtetea. Lakini mke wangu alifariki mwaka 2016. Mlikuja, na Mungu awalipe. Mlikaa nasi, mkalia nasi, na baada ya arobaini kila mmoja akarudi kwake. Tangu hapo nimekula peke yangu, nimelala peke yangu, nimesikiliza redio peke yangu jioni baada ya jioni, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema ni aibu mzee kukaa hivyo. Hakuna aliyeniita mchawi. Siku niliyokwenda peke yangu kufurahi ndipo mlipoona kasoro. Je, upweke wa huzuni ni adabu, na upweke wa furaha ni wazimu? Mnijibu hilo.

Sisemi kwamba watu wa mkutano ule ni malaika. Wengine huhesabu reli walizopanda kama mtu ahesabuye ng'ombe wake, na hudharau aliyepanda chache. Wengine hutumia fedha nyingi katika safari hizi, fedha ambazo kwetu zingemsomesha mtoto. Hayo niliyaona, na sikuyapenda. Lakini niliona pia watu waliokuja mmoja mmoja, kila mmoja na kitu anachokipenda, na kupenda huko ndiko kulikowakutanisha. Hawakuanza kwa kuwa wengi. Sisi huanza kwa kuwa wengi, kisha tunamtazama kwa jicho baya yeyote anayependa kitu ambacho wengi hawajakipenda bado.

Na hapa nina ungamo, maana si haki kuwasema wengine na kujificha. Mwaka 1983 nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwanachuo wangu hakuwa darasani. Nilimkuta nje na watoto wote, kwenye mteremko nyuma ya shule. Alikuwa ametengeneza kigari kwa mbao na bilingi za zamani, na watoto walikuwa wakikiachia kutoka vimo mbalimbali na kupima kwa hatua kilikofika. Walikuwa wakipiga kelele kwa furaha. Wakati huo tulikuwa na madarasa yaliyofurika tangu nchi ilipoazimia elimu ya msingi kwa wote. Utulivu ndio uliokuwa kipimo chetu cha ualimu. Niliandika katika ripoti: "Hana udhibiti wa darasa. Anageuza somo kuwa mchezo." Nikampa alama D mbele ya mwalimu mkuu wa shule. Walimu wenzake wote waliacha chaki zao wakamtazama. Yeye alikuwa mkataa wengi, na mimi ndiye niliyempa jina la mchawi.

Aliacha ualimu baada ya miaka miwili.

Nilimkumbuka nikiwa juu ya reli ile ya mbao, mnyororo ukitutoa polepole kuelekea kileleni, kabla ya kuachiwa. Alichokuwa akiwafundisha watoto wale kwa bilingi ndicho nilichosafiri nusu ya dunia kukiona, nikiwa na miaka 70. Yeye alikijua akiwa na miaka 22, nami nikamwadhibu kwa kukijua.

Kwa hiyo nawaambia walimu vijana watakaokisoma kitabu hiki: mkimwona mtoto anacheza peke yake na kitu msichokielewa, msimwite mara moja ajiunge na wenzake. Kaeni kwanza mtazame anachofanya. Muulizeni. Na nawaambia wastaafu wenzangu: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kama kuna kitu mlichokifundisha bila kukiona, nendeni mkakione. Mkipata mwenzi, vema. Mkikosa, nendeni hivyo hivyo.

Nimeulizia habari za yule mwanachuo wangu. Nimeambiwa yupo Ifakara, anauza mbao, na ana wajukuu. Mvua zikipungua nitapanda basi nimfuate nimwombe radhi, nikiwa na ile ripoti, maana nakala yake ninayo bado. Wenzangu wa kikao wamejitolea kunisindikiza. Nimewashukuru, nikakataa.