Vidole Vinawaka Moto, Bado Tunaita Urembo?



Bibi harusi, wiki moja kabla ya nikaha, yuko chumbani na taa ya kucha aliyoagiza mtandaoni. Vidole vimevimba, vinawasha, ngozi inachubuka. Anaambiwa, "Vumilia, urembo una taabu zake." Mimi nasema hapana!

Jeli mbichi ikigusa ngozi, au isipokauka sawasawa kwenye taa, kemikali zake ziitwazo akrilati zaweza kuleta mzio. Mzio huo hauondoki na rangi. Unaweza kubaki nao maisha, ukakusumbua hata siku ya kuziba jino, maana baadhi ya dawa za kuzibia zina kemikali za jamii hiyohiyo. Hilo nalo tuvumilie?

Na udhu je? Jeli hukaa wiki mbili na zaidi, maji hayafiki kwenye kucha.

Vidole vikiuma, acha. Usiibandue kwa meno wala wembe. Muone daktari wa ngozi.

Bibi harusi wetu ana hina, ya majani matupu, si piko, maana piko nayo huunguza. Mwili ni amana, dada. Usiuchome kwa ajili ya picha.