Degedege la kila homa si la kupuuza

Huku Nassa mtoto akishikwa na degedege tunasema ni malaria, basi. Mjukuu wangu alianza akiwa na miezi 6: kila homa, degedege la nusu saa, mkono mmoja ukirukaruka. Alipopewa kabamazepini, dawa ya kifafa, likazidi. Kumbe kuna ugonjwa wa kifafa uitwao Dravet. Mara nyingi nakala moja ya jeni ya SCN1A haifanyi kazi, kwa hiyo seli zinazotuliza ubongo hupungukiwa milango ya kupitisha sodiamu; na kabamazepini huziba hiyo hiyo iliyobaki! Dawa ya valproeti humfaa zaidi mtoto wa namna hii. Wazazi wenzangu, msikatishe dawa ghafla. Mwelezeni daktari degedege lilianza umri gani, lilichukua dakika ngapi. Na povu la kifafa haliambukizi. Degedege likianza, mlazeni mtoto ubavu.