Ingénieur civil si civil engineer

Mgodi wa shaba wa Kinsevere uko kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi. Tangu 2012 unamilikiwa na MMG, kampuni yenye ofisi Melbourne, Australia, kwa hiyo kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kwa Kifaransa hujikuta akiandika CV kwa Kiingereza. Hapo ndipo anapopewa ushauri mbaya.

"Ingénieur civil ni civil engineer." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jina hilo tulilirithi kwa Wabelgiji: kwao ni mhandisi wa chuo kikuu, awe wa madini, wa umeme au wa metali. Civil engineer ni mtu wa barabara, madaraja na mabwawa. Mwenye diploma ya ingénieur civil des mines akijiita hivyo, faili lake litawekwa pamoja na ya wajenzi, na kazi ya kupanga uchimbaji aliyoisomea itapewa mwingine. Aandike mining engineer. Aliyesomea métallurgie aandike metallurgical engineer.

"Gradué ni graduate." Hapana. Katika mfumo wetu wa zamani graduat ilikuwa miaka 3, na licence miaka 2 juu yake. Graduate ni yeyote aliyemaliza shahada. Aliyesoma miaka 5 akiandika graduate tu amejipunja. Akiandika licence bila maelezo, mgodini neno hilo ni kibali, kama kile cha kuendesha lori. Tena licence ya mfumo mpya wa LMD (licence-master-doctorat) ni miaka 3: "licence ni bachelor" ni kweli kwa mdogo wako, si kwako.

"Chef de travaux ni head of works." Mwingereza atamwona kapita wa mafundi, kumbe ni mwalimu wa chuo kikuu, juu ya assistant na chini ya professeur associé. Wala assistant wetu si assistant professor: yule wa Marekani kwa kawaida ana udaktari tayari, wa kwetu bado anautafuta. Huko ni kujipa cheo, na mkagua vyeti atakuita mwongo.

"Wataelewa tu, wamezoea Kongo." Waliozoea wapo, lakini huwezi kujua CV yako itaangukia mikononi mwa nani.

Ndugu zangu, andikeni jina la diploma kwa Kifaransa kama lilivyo kwenye karatasi, mwaka mlioipata na miaka mliyosoma, kisha mstari mmoja wa Kiingereza kueleza maana yake.